Kaseti ya Mwisho ya Camille

Katika taksi-basi ya kwenda Panda, Mathilde alikumbatia pochi yake kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Mzee wa kiti cha pili akachungulia ndani, akaona kaseti, akasoma jina la Orchestra Camille Jazz. "Mama! Huyu nilimupigiaka trompeti!"

Basi Mathilde akamwaga yote. Camille ni baba yake. Katika nyimbo zote alizotunga na kurekodi imebaki kaseti hii moja, na leo ameitaka aletewe nyumbani kwake Panda. "Na miye niliifuta, papa. Nilitaka kurekodi kwaya ya parokia. Nilifinya butoni, ikakatala, nikafinya kwa nguvu, mashine ikakufa. Toka ile siku siyaisikiliza, niko na woga."

Viti vya nyuma vyote vikainamia mbele ili visikie vizuri.

Mzee akageuza kaseti. "Angalia hapa juu. Vijino viwili, Camille alikuwa anavivunja yeye mwenyewe, siku ileile ya kurekodi. Bila kijino, mashine haikubali kufuta. Weye ulibandika karatasi kwenye tundu, ili mashine ikubali?"

"Hapana."

"Ndiyo maana butoni ilikatala! Haukufutaka kitu, mama."

Mathilde akacheka na machozi yanamtoka, na alipopata pumzi akaanza vita. "Lakini trompeti ya humu ni ya Ruffin. Baba anasemaka kila siku."

"Ruffin? Ule alikuwa anabeba ngoma!"

Gari likasimama Panda. "Shuka na miye, papa," akasema Mathilde. "Tutaisikiliza mbele ya baba, aseme trompeti ni ya nani."