Dakika Tisa Hadi Mnarani

– Wewe, dakika tisa unazijua, au unazisikia tu redioni?

Swali hilo Breki alimtupia Hatua hata kabla hajakaa. Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, pale lami inapoishia na njia mpya ya pwani inapoanzia. Wenye benchi ni wale wale: Breki anayekodisha baiskeli, ambaye kati ya baiskeli zake saba ni mbili tu zenye hicho kitu anachoitiwa, Kinyozi, ambaye hutoka nje kila anapokosa mteja, yaani kutwa, Shangazi wa kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini huwagombeza kana kwamba amewalea, na Hatua, mpima ardhi mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna alichokiacha bila kukipima kwa miguu, kuanzia uwanja wa mpira hadi ukumbi wa harusi ya bintiye mwenyewe, akipita katikati ya wageni.

Kwa hiyo halmashauri ilipofungua njia ya kutembea na kuendesha baiskeli, kilomita sita za miamba, mashamba ya chumvi na upepo mtupu, ilimtafuta yeye. Aitembee, ahesabu muda, vibao viandikwe. Vikaandikwa, herufi nyeupe juu ya kijani: Mashamba ya Chumvi, dakika nne. Daraja la Mbao, dakika sita. Mnara wa Taa, dakika tisa. Jumamosi ya kwanza watu wakatoka na watoto mgongoni na kichupa kimoja cha maji, wakarudi adhuhuri na nyuso za watu waliohama nchi.

Lawama haikosi mbebaji. Akapatikana Randa, seremala aliyesimika nguzo, ambaye ndiye pia aliyemwoa binti wa Hatua. Barua ya halmashauri ilisema hakuzifikisha nguzo mahali pake, alizibwaga karibu karibu ili amalize mapema. Ajieleze leo saa nane mchana, la sivyo kazi aliyoingojea miaka mitatu akiwa kibarua imekwisha. Ukiifuata barua hiyo, ili mtu afike Mnarani kwa dakika tisa za miguu, nguzo ya kwanza ilipaswa kusimama kilomita tano na ushei mbele ya pale njia inapoanzia, lakini barua za ofisi hazipigi hesabu.

Ukweli aliujua Hatua peke yake, yeye na goti lake la kushoto. Asubuhi ile ya kupima, goti liligoma kwenye mwinuko wa kwanza. Ikapita pikipiki, dereva si wa mji ule, Hatua akaisimamisha. Akapanda na saa yake mkononi. Njia nzima inasifiwa kwa mandhari, na mandhari aliyoyaona Hatua vizuri ni kisogo cha dereva. Alikusudia kuzidisha baadaye, mara nane, mara tisa, mara chochote kile. Fomu ikatakiwa mapema, akaipeleka ilivyo. Na kibao cha kwanza kabisa, kwa maneno aliyoyapendekeza mwenyewe, kinasema pikipiki hairuhusiwi.

– Nazijua, alijibu, akakaa upande wa tofali. Tatizo ni watembeaji wa siku hizi.

Breki akaunga mkono kwa moyo wote, maana biashara yake inategemea udhaifu wa miguu ya watu. Kisha akakumbuka kwamba hata wenye baiskeli walichukua zaidi ya nusu saa, akabadilisha kesi: njia ilipimwa moja kwa moja juu ya maji, kama anavyoruka ndege, na binadamu wakaachiwa makona.

Kinyozi hakuridhika. Yeye huwanyoa wahadhiri wawili wa jiografia, na elimu, kama mba, huambukiza. Alieleza kwamba bahari inarudi nyuma, pwani inavutika kama lastiki, na kilomita sita za mwaka jana leo huenda ni tisa.

– Ndiyo maana wahenga wakasema njia ya mwongo ni fupi, akamalizia.

– Hiyo inaingiaje hapo? Shangazi akauliza.

– Inaingia. Njia ilikuwa fupi, sasa ni ndefu.

Hatua akanywa kahawa ikiwa bado ya moto, akaungua ulimi.

Shangazi alikuwa na maelezo yake, na kama kawaida yalianzia ofisini. Hao wameshakula madaraja, wamekula mitaro, wamekula mpaka kivuli cha stendi. Sasa wamekula dakika. Safari ilikuwa na dakika tisini, tisa zimefika kwa wananchi. Breki akataka kujua mtu anakulaje dakika. Akajibiwa aende akapange foleni pale ofisini asubuhi moja ndipo atajua.

Hatua naye, kwa kuwa ukimya wake ulikuwa umeanza kuonekana, akaleta upepo. Siku ya kupima, alisema, ulivuma kwa nyuma, wa nguvu isiyo ya kawaida. Mtu alikuwa kama anasukumwa. Hapo hakusema uongo hasa. Upepo ulikuwepo, ingawa ulimpiga usoni, kwa kasi ya kilomita arobaini kwa saa.

– Basi vibao viandikwe "kwa hisani ya upepo", Shangazi akasema.

Wakacheka, na ndani ya kicheko hicho Randa akafika. Alikuwa amevaa shati la harusi yake, karatasi imekunjwa mara nne mfukoni. Akaamkia wote, akamwinamia Hatua.

– Shikamoo, baba. Naomba unipitishie macho kabla sijaipeleka. Mwandiko wangu unaujua.

Hatua akaifungua. Ilikuwa na mistari sita. Mimi seremala nakiri kwamba nilikosea mahali pa kusimika nguzo. Vipimo nilivyopewa na baba mkwe wangu vilikuwa sahihi, maana huyo hajawahi kukosea hatua hata moja. Naomba mnifikirie.

– Lakini hukukosea, Hatua akasema kwa sauti ndogo.

– Nimerudia kuzipima nguzo zote, baba, sioni kosa. Ila mmoja wetu amekosea, na haiwezi kuwa wewe. Binti yako, Mama Kulwa, analia tangu jana, anasema bora mimi nionekane mvivu kuliko wewe uonekane huwezi tena.

Hatua akachukua kalamu sikioni mwa Kinyozi, akaongeza nukta mahali palipokosa nukta. Hakupata kitu kingine cha kusahihisha.

Hapo ndipo mwanamke mmoja wa makamo ya juu alipotokea upande wa njia ya pwani, kofia pana, raba zimejaa chumvi nyeupe, fimbo mkononi. Breki akampisha. Akaomba maji, akanywa vikombe viwili bila kupumua, akaomba na kahawa. Kazi yake ya zamani, akawaambia, ilikuwa ukunga. Amezoea kuambiwa bado kidogo na kukuta bado sana.

– Pazuri huko, akasema. Kwenye mashamba ya chumvi maji yana rangi ya waridi, mbingu nzima imelala ndani. Nilikaa pale nikasahau hata miguu. Mmeyaona?

Kila mtu akamsubiri mwenzake aseme ndiyo. Kinyozi akasema mtembezi hula miguu yake. Mkunga akamtazama, akaachana naye.

– Haya, nina swali dogo. Hizi dakika, nani alitembea akazihesabu?

Randa ndiye aliyejibu, kifua mbele.

– Baba yangu huyu hapa. Alitembea hatua kwa hatua.

Mkunga akamgeukia Hatua. Hakuwa na hasira, ndilo lililokuwa baya. Alimtazama kama mtu anayetaka tu kujifunza siri ya mwendo. Breki akatazama tairi. Shangazi akaacha kumimina. Karatasi ilikuwa bado magotini mwa Hatua, na Randa alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuichukua, maana saa saba ilikuwa imepita.

Hatua akaikunja, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

– Sikutembea, mwanangu, akasema. Nilipanda pikipiki.

Randa hakuelewa mara moja.

– Kipande gani, baba?

– Chote. Na kurudi pia.