Bi Snezhana na Vitabu Viwili vya Mapishi

Miaka thelathini na minane ya utumishi inafika mwisho tarehe 30 Septemba, siku ambayo Bi Snezhana Karadzhova, mkuu wa katalogi, yaani orodha ya vitabu, ya maktaba yetu ya mji wa Tryavna, anastaafu. Loo, tumeanza kumkumbuka hata kabla hajatoka mlangoni!

Alianza enzi za kadi na droo za mbao zilizonukia nta. Kwake hakuna kitabu yatima. Tafsiri aliiunganisha na asili yake, toleo la pili na la kwanza, lililofupishwa na lile zima. Ukisahau kuunganisha kimoja alikukata jicho, kisha akakuletea kahawa. Kompyuta zilipofika, alihamisha undugu wote huo bila kuacha mmoja nyuma.

Lakini mji unamjua zaidi kwa kesi ya kina Topuzova. Mama Raina Topuzova alitunga kitabu cha mapishi kilichoingia kila nyumba. Macho yalipomsaliti, mke wa mwanawe, Vesela, akakiandika upya: mafuta ya nguruwe nje, ya alizeti ndani, na nusu ya mapishi mageni kabisa. Jaladani likabaki jina la Vesela peke yake. Wakatujia wote wawili, wamefura, kila mmoja akitaka kitabu kiorodheshwe kwa jina lake.

"Nimeulisha mji huu, leo niwe mgeni jikoni mwangu?" alifoka Mama Raina.

"Yako yalishaliwa, mama. Haya ni yangu!" alijibu Vesela.

Kanuni zetu zasema chapa iliyorekebishwa hubaki kazi ileile. Iliyobadilika mno huwa kazi mpya, ila hutaja ilikotoka. Bi Snezhana alivilinganisha vitabu ukurasa kwa ukurasa, hata akapika. Akaamua: kazi mpya, ya Vesela, na chini yake mstari, "Imetokana na kitabu cha Raina Topuzova."

"Ugomvi wa jikoni umalizeni jikoni," aliwaambia. "Humu kila mtu ana jina lake, na majina yanajuana."

Walinuna wote, wakatoka kwa milango tofauti.

Mama Raina alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mwezi huu Vesela ametuletea toleo jipya la kitabu chake, kazi ya mwisho mezani kwa Bi Snezhana. Alisimama pale, akainama karibu na meza.

"Dada, ule mstari wa mama usije ukaondoka."

Bi Snezhana akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Vesela akaligusa lile jina kwa kidole, akalia, nasi tukashindwa kujizuia.

Ahsante, Bi Snezhana. Pumzika, ule vizuri, ulale mchana bila haya. Mstari wa Mama Raina tutautunza sisi.