Jina Chini ya Bamba

Kijiwe chao ni benchi la mbao ukutani mwa kibanda cha walenga shabaha, juu kidogo ya kijiji, mahali ambapo ng'ombe wamezoea milio ya risasi kuliko wageni. Jumamosi mchana, zamu ya kulenga ikiisha, wazee watatu hukaa hapo na kahawa zao za glasi, ile hafifu inayotiwa pombe kali ya tufaha mpaka inasahau kuwa ni kahawa. Godi Rüegsegger wanamwita Bisibisi. Kwa muda mrefu alikuwa na bunduki za jeshi ishirini na tano za aina moja, moja kwa kila mwaka zilipotengenezwa, isipokuwa mwaka 1943. Huo aliupata mwezi uliopita, jeshi lilipouza vilivyojaa ghalani, na leo alikuwa ameilaza bunduki ya mwaka huo magotini.

Mkusanyaji wa bunduki hizi haangalii mtutu kwanza. Anafungua skrubu mbili za bamba la chuma kitakoni, kwa sababu askari wa huku, anayetunza bunduki yake nyumbani miaka yote ya utumishi, alikuwa na desturi ya kuweka chini ya bamba hilo kikaratasi chenye jina na anwani yake. Yenye kikaratasi ina mwenyewe. Isiyo nacho ni chuma na ubao.

Kikaratasi cha hii ya 1943 kiliandikwa kwa penseli: Abplanalp Melchior, kuzaliwa 1921, bonde la Hasli. Ila ubao wa bunduki ulikuwa mpya kabisa, kana kwamba haijabebwa hata miaka miwili. Kijiwe kikataka kujua kwa nini kijana mzima airudishe mapema hivyo.

Emil Haldimann, aitwaye Posta kwa kuwa alisambaza barua miaka thelathini na minane, alisema jamaa alihamia Argentina. Fridolin Zaugg, ambaye wanamwita Jenerali, aliona Argentina ni karibu mno. Kwake Abplanalp alikuwa jasusi, na 1921 si mwaka wa kuzaliwa bali ni kimo cha kilima fulani kwenye ramani, ambako kumezikwa kitu.

— Jenerali, vita vizima ulikuwa unakoroga supu, alisema Posta.

— Ndiyo maana najua. Hakuna asiyepita jikoni.

Godi hakucheka. Kulikuwa na jambo hajawaambia. Aliwahi kuiuliza ofisi moja ya kumbukumbu, ikamjibu kwa kurasa mbili kwamba habari za Abplanalp atapewa Abplanalp, akifika mwenyewe na kitambulisho. Basi kwa hasira akaandika barua kwa anwani ya kwenye kikaratasi, iliyochelewa miaka hamsini. Tangu aitumbukize sandukuni anajuta. Akitokea ndugu, atakitaka kikaratasi, na yeye hataki kukitoa. Amekitia ndani ya bahasha ya plastiki. Usiku hukitazama zaidi kuliko anavyotazama televisheni.

Hapo mwanamke wa makamo akapanda kutoka kituo cha basi, amevaa koti la mvua, barua mkononi.

— Samahanini wazee. Bwana Rüegsegger ni yupi?

Wenzake wawili walimwonyesha kwa vidole bila huruma. Akasema anaitwa Rosmarie Tschannen, na kabla ya kuolewa alikuwa Abplanalp. Postamasta wa kwao alimfahamu mama yake, ndiyo maana barua ikafika. Posta alijinyoosha kama aliyepewa nishani.

Jenerali akamuuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kama Melchior alikwenda mbali.

— Hapana. Alikuwa analinda njia ya mlimani, theluji ikaporomoka. Februari arobaini na tano. Bunduki waliifukua jioni ile ile, ikarudishwa ghalani. Baba walimpata mwezi wa tano. Mimi nikazaliwa wa sita.

Jenerali aliitazama glasi yake. Posta alisogea, yule mama akakaa. Godi akaiweka bunduki mapajani mwa mgeni, na kwa kuwa hakujua la kusema alisema anayoyajua: namba yake, karakana yake, kwamba ubao ni wa mti wa jozi, kwamba shabaha ya mita mia tatu ingali ni mchezo kwake. Mama alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza:

— Alikuwa anatumia mkono gani?

Wote wakaitazama mikono yake juu ya ubao.

— Mimi natumia wa kushoto. Upande wa mama yangu hakuna hata mmoja wa kushoto. Yeye hakupenda kuulizwa habari za baba, na sasa hayupo.

Godi aliikagua bunduki upya. Mkono wa bunduki, ule wa kukokia, uko kulia kwa kila mtu. Jeshi lilimfundisha kila mtu kulenga kwa bega la kulia. Mwandiko? Zamani zile mwalimu alimchapa mtoto wa kushoto mpaka akaandika kwa kulia. Wazee watatu pale benchini walikuwa na miaka mia mbili na ishirini kwa jumla.

— Hatujui, mama, alisema Godi.

Akatoa bahasha mfukoni, akakichomoa kikaratasi, akampa. Alikisoma kwa muda mrefu, midomo ikitikisika. Halafu akakikunja katikati, akakikunja tena, akakitia ndani ya pochi. Godi, aliyewahi kumfukuza shemeji yake nyumbani kwa kukigusa kikaratasi kimoja kwa vidole vyenye mafuta ya jibini, aliikunja bahasha tupu ya plastiki, akairudisha mfukoni.