Balozi Melkiadi Habonimana, Mshauri Aliyeshukuriwa Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, nanyi viongozi mliofika kwa vyeo vyenu, familia inawasomea maisha ya Balozi Melkiadi Habonimana, aliyezaliwa Mabamba, Kibondo, tarehe 4 Mei 1954, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Tabora, chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1979 akaajiriwa Mambo ya Nje, akatumikia Kinshasa, Addis Ababa na Stockholm, akawa bingwa wa kumnyima mtu ombi lake mpaka mtu huyo akaondoka akishukuru.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa hapa Kasulu na Esteri Akimana, wakajenga Titye, wakajaliwa Benita, Anania na Therese.

Alistaafu mwaka 2014, akaitwa tena kuwa mshauri mwandamizi wa siasa wa mkubwa mmoja, kazi ambayo mwenyewe aliieleza kuwa ni kusikilizwa kwa makini na watu walioshaamua. Alishauri wakulima wa Titye wasiondolewe mashambani kumpisha mwekezaji, akashukuriwa, akashauri tena, akashukuriwa, na aliposhukuriwa mara ya tatu akamwambia mkewe, "Mama Benita, funga mizigo, hawa hawajawahi kuwa na adabu hivi." Akarudi Titye, akatangaza kwamba tarehe 20 Septemba 2024, mkutanoni, angewaeleza wananchi ardhi yao ameahidiwa nani.

Tarehe 14 walikuja wenzake wawili wa ofisini kumjulia hali, na chupa ya mvinyo mkononi, na kwetu Waha kinywaji kikimiminwa nyumbani mwako unaonja wewe kwanza, mgeni apate amani, wala desturi hiyo haiulizi kimeletwa na nani, basi Balozi akaonja, akamaliza glasi, wageni wakasema wao wana safari ya gari.

"Gari lina dereva mmoja," Mama Benita akawauliza, "nyie wawili mnaendesha nini?"

Walicheka vizuri tu. Alfajiri Balozi akaanza kutapika, akalazwa, na tarehe 16 akafariki.

Familia haimtuhumu mtu. Inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Titye mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake walioleta shada, jeneza, na ratiba iliyokwishachapwa ya kumzika leo saa nane, kabla familia haijakaa kikao. Mama Benita anawaomba radhi: jeneza hili ni tupu, marehemu bado yuko chumba cha maiti, Anania ameketi mlangoni, na mama hatatia sahihi kibali cha kuzika mpaka madaktari waseme kilichomuua. Kaburi limeshachimbwa, litangoja.

Pumzika kwa amani, Balozi, majibu yakishatoka.