Elizbar Kobaidze na Shamba la Juu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imeniomba mimi mkwewe niwasomee maisha ya mzee wetu Elizbar Kobaidze, tuliyemzoea kwa jina la Baba Eliko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1941 hapa kijijini, juu ya mto Alazani, mavuno ya zabibu yakiwa yamepamba moto, akiwa mtoto wa pekee wa Mzee Shakro, aliyekwenda vitani asirudi, na Bi Daro, aliyemlea kwa vibarua vya kupalilia mizabibu. Alisoma shule ya kijiji hadi 1957, akajifunza ufundi wa matrekta mjini Telavi, na Machi 1960 akaajiriwa na shamba la ushirika, akalima bonde hili kuanzia changarawe za mtoni hadi miteremko inayotazamana na theluji ya milima ya Kaukazi. Tarehe 6 Novemba 1966 alimwoa Bi Tsiuri, tuliye naye hapa, wakajaliwa Manana na Vazha.

Machi 1986, serikali ya Kisovieti ya wakati ule ilipopiga vita ulevi, ndiye aliyeagizwa kung'oa mizabibu kwa trekta, akang'oa mashamba mawili ya chini huku machozi yakimtoka, na alipofika shamba la juu, lenye mbegu za zamani zisizopatikana tena kwingine kijijini, akamkuta mama mkwe wake, Bi Maro, ameketi kwenye kigoda katikati ya mstari, anafuma soksi.

"Mama, nyanyuka, nimetumwa," akamwambia.

"Ngoja nimalize kisigino," Bi Maro akajibu bila kuinua macho. "Soksi yenyewe ni yako."

Marehemu akazima injini, akatembea hadi ofisini, akaweka ufunguo mezani, na msimamizi alipomwambia, "Una wazimu? Wewe una watoto," akajibu, "Ndiyo maana." Alifukuzwa, akaponda kokoto barabarani miaka minne, lakini madereva wenzake wote waliukataa ufunguo ule, na shamba likasalimika. Ardhi iliporudishwa kwa wenyewe alilitunza mwenyewe, akawagawia vijiti vya kupanda wote waliomwomba, na akisifiwa mezani alikuwa akisema, "Msifuni mama mkwe, mimi nilikuwa nasubiri soksi."

Februari 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, akawa anamsimamia Vazha kutoka kitini akipogoa mizabibu, "Punguza tena, mwanangu, huo si mchicha," hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2023, hospitalini Telavi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake mliobaki, na ninyi majirani, mliopanda hadi shamba la juu wiki iliyopita mkamalizia kuvuna mistari yake bila kuombwa na mtu, mkamletea kikapu cha mwisho kitandani, akakinusa, akacheka.

Baba Eliko, tumekuandalia mahali kando ya Bi Maro. Lala salama, na udongo wa bonde hili ukupokee kama mtu wake.