Rudrakka Badiger, Aliyekataa Kushusha Pazia

Baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha umma cha maigizo na utamaduni, Sampige, hapa Dharwad, Bi Rudrakka Badiger, msimamizi wa jukwaa, anastaafu rasmi tarehe 31 Mei. Wako watakaoshusha pumzi. Sisi tunajivunia kwamba tulifanya kazi naye.

Aliajiriwa kushona mapazia. Lakini baba yake alikuwa seremala, na haikupita muda akawa anapanda mwenyewe kwenye boriti kufunga kamba, sari ameikaza kiunoni, mafundi wanaume wakimkodolea macho kutoka chini. Alipopewa jukwaa, sheria yake ikawa moja: mchezo ukianza, mlango unafungwa. Mkubwa mmoja wa jiji alichelewa na msafara wake, akamkuta amesimama mlangoni.

"Mheshimiwa, mfalme yuko mahututi," alimwambia. "Ngoja afe kwanza, ndipo uingie."

Mheshimiwa akangoja, akitafuna pilipili za kukaanga pamoja na madereva.

Siku tusiyoisahau, hata hivyo, ni ile ya akina mama wafagiaji wa jiji. Walikuwa wametunga mchezo wao, na Durgavva Madar, aliyefagia barabara ya soko tangu usichana wake, ndiye aliyeigiza malkia. Alasiri hiyo, ukumbi umefurika, wakaja mabwana wenye majina mjini. Walidai kwamba wafagiaji, watu wa tabaka linalohesabiwa la chini kabisa, watalitia jukwaa najisi.

"Dada, shusha pazia, yaishe," mmoja wao alimwambia Rudrakka.

"Huyu mama anafagia mlangoni kwako kila asubuhi, mbona hapo hatii najisi? Kaa utazame, au shika njia."

Mchezo ulipofika katikati, umeme ukakatika. Nani aliyeagiza, hadi leo hakuna anayekiri. Gizani Durgavva akakatiza maneno yake. Tulimsikia akipapasa ngazi za kushukia.

"Malkia, usishuke!" Rudrakka akapaza sauti. "Nakuletea jua!"

Akatuamuru tufungue milango yote ya magharibi, ile mikubwa ya kuingizia mapambo ya jukwaa. Jua likamwagika mpaka miguuni pa Durgavva, naye akaendelea palepale alipoachia. Wale mabwana, waliokataa kukaa watazame, walibaki nje, wakisikiliza makofi.

Adhabu haikuchelewa. Rudrakka alihamishiwa ofisi ya maji, pembeni kabisa mwa mji. Aliumia. Tulipokwenda kumwona tulimkuta kati ya mabomba yaliyopasuka, macho mekundu. Aliambiwa akiomba radhi atarudishwa.

"Radhi ya nini? Ya kufungua mlango?"

Vikundi vya maigizo vikaisusia Sampige kimoja baada ya kingine, cha Durgavva kikitangulia, hadi viti vikajaa vumbi na wakubwa wakasalimu amri. Siku aliyorudi hakuhutubia mtu. Alipanda juu, akakagua kamba.

Tangu hapo wafagiaji wanaigiza hapa kila mwaka, na Durgavva sasa anafundisha malkia wapya. Juzi mkubwa mmoja alituuliza kama Rudrakka akishaondoka mambo yatatulia. Tunamjibu hapa, kwa maandishi: hayatatulia.

Dada Rudrakka, ahsante kwa kutufundisha kusimama wima. Pumzika, ulale mchana, uwachoshe majirani kwa amri zako. Ukisikia tumelegea, njoo utukaripie. Uishi miaka mingi yenye afya na furaha, na shingo yako isijue kuinama.