Damu ya Mzee

Fundi wa viti vya magari alikaa nyuma ya kaka na dada waliobishana tangu basi liondoke. Walibishana juu ya gari la baba yao, lile la kifahari la zamani, lililoundwa kupanda milima na ambalo halijawahi kupanda zaidi ya tuta la barabarani.

"Nje kijani cha chupa, ndani ngozi rangi ya maziwa," alisema kaka.

"Maziwa, na watoto wako wale? Ndani kahawia. Nje damu ya mzee."

Fundi alimuunga mkono dada kimoyomoyo. Ngozi ya rangi ya maziwa ilishamtoa jasho sana.

"Damu ya mzee hapana. Watu watatusema."

"Ni jina la rangi tu, kaka."

"Najua. Lakini gari ni la mzee, na mzee mwenyewe..."

Fundi akafungua mdomo awape pole ya msiba. Basi likasimama mbele ya hospitali, na dada akainuka na chupa yake ya chai.

"Tukifika wodini, muulize kwanza hali."

"Halafu?"

"Halafu funguo."